Dhana potofu kuhusu asili ya faili la makala

Sisi tunaoandaa makala za kitaalamu kwa XML (muundo wa faili unaotambulisha kila sehemu ya maandishi kwa alama) hapa Kigoma, nyingi zikiwa za Ziwa Tanganyika na sokwe wa Gombe, hatukosei kuandika jina la mwandishi, jarida na mwaka. Lakini faili lenyewe limetokana na nini, na limegeuzwa kwa programu gani, hapo wengi wetu tunanyamaza.

Dhana: Tarehe za makala zinatosha.

Hazitoshi. Tarehe ya kupokelewa, kukubaliwa na kuchapishwa ni historia ya makala. Faili lina historia yake. Chukua ripoti ya zamani ya uvuvi wa migebuka: ilipigwa taipureta, ikaskaniwa, ikasomwa na programu ya kutambua maandishi, ndipo ikageuzwa XML. Kila hatua inaweza kuacha kasoro. Sifuri inageuka herufi O, ritifaa ya ng' inadondoka na jina la kijiji linaharibika. Mbaya zaidi, nukta ya desimali inapotea kwenye jedwali la uzito wa samaki, na mtafiti mwingine anazichukua tarakimu hizo kama zilivyo.

Kasoro ya namna hiyo haikai kwenye faili moja. Huenda imeingia katika kila faili lililopitia programu ileile, toleo lilelile. Toleo likiwa limeandikwa ndani, unayatafuta mafaili hayo yote kwa mkupuo na kuyakagua. Lisipoandikwa, soma makala zote upya.

Dhana: Andika asili ya faili kama maoni ya XML (maelezo ya pembeni yasiyo sehemu ya makala), yatakaa.

Kanuni za XML 1.0, tangu 1998, haziilazimishi programu inayosoma faili kuyapitisha maoni. Faili likipita mikononi mwa wengine, yanaweza kufutika bila yeyote kugundua. JATS, kiwango cha kuandaa makala kwa XML kinachotumiwa na majarida mengi na hifadhi ya makala ya PubMed Central, kina mahali pa kuandika habari za faili lenyewe tangu toleo la 1.2 la mwaka 2019: processing-meta, mwanzoni kabisa, kabla ya front, sehemu yenye jina la makala na waandishi. Hapo hutajwa seti ya alama iliyofuatwa, aina ya majedwali na toleo la MathML, lugha ya kuandikia hesabu. Mengine, kama vile chanzo kilikuwa skani au faili la Word, yanaingia humohumo kwenye custom-meta, nafasi ya taarifa za ziada, kila jambo kwa jina na thamani yake.

Dhana: Andika kila kitu.

Hapana. Njia ya folda yenye jina la mfanyakazi haina kazi kwa mtu wa nje, na inamwanika bure. Iondoe.

Dhana: processing-meta ingekuwa muhimu, faili lingekataliwa bila hiyo.

Ni hiari, kihakiki (programu inayopima kama faili limefuata kanuni) hakilalamiki ukiiacha. Ndiyo maana nasisitiza iingizwe kwenye kiolezo cha kazi tangu faili la kwanza. Miaka ikishapita na programu imeshabadilishwa, kuijaza ni kubahatisha.