Wimbo wa jadi wa Ayalandi ni upi hasa?

Jumamosi nilikuwa harusini, kwaya ikasimama kuimba You Raise Me Up, na MC kabla hajawapisha akatutangazia kwamba huu ni wimbo wa jadi wa Ayalandi, mababu wa kule wameuimba karne na karne. Vigelegele vikapigwa, mimi nikanyamaza maana harusini si mahali pa kubishana. Ila hii ni kama mara ya tano nasikia hivyohivyo, kanisani, kwenye mahafali, kwenye status za WhatsApp, na nikimuuliza mtu kaitoa wapi mara nyingi anaitaja ile albamu ya kwanza ya Celtic Woman, wale wadada walioanzia Dublin, ya mwaka 2005. Mtu anaisikiliza mwanzo mwisho halafu albamu nzima anaibandika lebo moja, nyimbo za jadi.

Maana yenyewe ni fupi. Wimbo wa jadi ni ule uliopita mdomo kwa mdomo, kizazi hadi kizazi, ukabadilika njiani, na jamii ikaubeba kuwa wake. Mwaka 1954 wataalamu wa muziki wa aina hii kutoka nchi mbalimbali walikutana São Paulo wakayataja mambo matatu: uwe na mwendelezo, uwe na mabadiliko, na jamii ndo iwe imechagua kipi kibaki kipi kife. Basi, ni hivyo tu.

Sasa angalia neno letu lenyewe. Jadi limetoka kwenye Kiarabu, jadd, yaani babu. Kwa hiyo ukisema kitu ni cha jadi unasema kimetoka kwa babu, kuna mtu alikupa na yeye alipewa, kuna mkono na mkono. Halijasema kitu kizee. Kitu kinaweza kuwa kizee sana na kisiwe cha jadi, kimekaa kwenye kitabu miaka mia mbili hakuna aliyekigusa. Na Waayalandi nao wana neno lao la uimbaji wa jadi ambalo mimi nikilisikia nafurahi, sean-nós, linatamkwa "shan noos". Nós ni desturi, namna ya kufanya jambo. Sean ni -a kale, na ndo sean hiyohiyo iliyomo kwenye seanathair, ambayo kwa Kiayalandi ni babu! Yaani watu wa Connemara, kule magharibi mwa Ayalandi, na watu wa pwani yetu, bila kuulizana, walipotaka kusema kitu cha urithi wote wawili wamepita mlango wa babu.

Na hapa ndo panaponiuma zaidi, kwa sababu siku hizi nakuta mtu kaandika kwamba wale wadada wanaimba sean-nós. Hapana jamani. Sean-nós ni mtu mmoja, sauti peke yake, hakuna gitaa, hakuna ngoma, hakuna wa kumwitikia kwa sauti ya pili, anaimba kwa Kiayalandi na sauti anaivunjavunja na kuipamba katikati ya neno, na leo hatoipamba kama alivyoipamba jana. Wasikilizaji wanamtupia maneno ya kumtia moyo, wengine wanamshika mkono wakiuzungusha taratibu wakati anaimba, na mstari wa mwisho mara nyingine hauimbwi, anausema tu kwa sauti ya kawaida kama mtu anayemaliza habari. Mtafute Joe Heaney, aliyezaliwa Carna huko Connemara mwaka 1919, msikilize dakika tatu tu utaelewa. Celtic Woman wao ni sauti kadhaa zimepangwa juu kwa chini, nyuma kuna okestra, kuna mwongozaji wa muziki David Downes aliyeandika kila sauti iingie wapi, na onyesho lao la kwanza lilirekodiwa kwenye ukumbi wa Helix pale Dublin mwaka 2004 na likaja kurushwa kwenye televisheni ya PBS Marekani. Ni kazi nzuri, mimi mwenyewe naipenda na sauti ya Méav Ní Mhaolchatha inanitoa machozi mpaka leo, ila ni kazi ya jukwaani.

Tuifungue albamu basi. Walking in the Air ni ya Howard Blake, Mwingereza, aliitunga kwa ajili ya filamu ya katuni ya mwaka 1982. May It Be ni ya Enya na wenzake, ya filamu ya 2001. Nella Fantasia ni muziki wa Ennio Morricone, Mtaliano. Danny Boy ambayo kila mtu angeiapia, maneno ni ya Frederic Weatherly, mwanasheria wa Kiingereza, akayaweka kwenye muziki mwaka 1913, ila muziki wenyewe ndo wa jadi, mama mmoja wa Limavady anaitwa Jane Ross aliuandika jinsi alivyousikia ukachapwa kitabuni mwaka 1855. Kwa hiyo Danny Boy ni nusu kwa nusu. Na ule wa MC wangu, You Raise Me Up, muziki ni wa Rolf Løvland wa Norwei, maneno ya Brendan Graham wa Ayalandi, umetoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wako watu harusini pale wana viatu vimeuzidi umri.

Nawaelewa wanaochanganya, kwa sababu mwanzo wa ule wimbo unakaribiana na muziki wa Danny Boy na wengi wanausikia huo undugu, halafu ukiweka filimbi na fidla na sauti laini basi sikio linasema hii ya kale. Lakini mlio si ukoo. Malaika kila mtu Afrika Mashariki anaujua, unaimbwa mpaka na watoto, na bado si wa jadi, una mtunzi, hata kama watu wanabishana mpaka kesho ni Fadhili William au Adam Salim.

Na jambo hili lina pesa ndani yake pia. Kwenye kava ya albamu yoyote ya namna hii utaona wimbo umeandikwa "trad.", halafu jina la aliyeupanga. Trad. maana yake hakuna mtunzi wa kulipwa, aliyepanga ndo anadai haki ya mpangilio wake tu. Ukimwita Løvland jadi umemfuta mtu aliye hai.

Hata hilo neno Celtic linabebeshwa mizigo. Wataalamu wanalitumia hasa kwa familia ya lugha, Kiayalandi, Kigaeli cha Scotland, Kiwelisi, Kibretoni na nyinginezo, kama sisi tunavyosema Kibantu. Nani amewahi kwenda kwenye ngoma akasema leo tunacheza muziki wa Kibantu? Unasema sindimba, unasema mdumange, unasema lizombe.

Katikati nako kuna kesi ngumu na nazipenda. She Moved Through the Fair upo kwenye albamu hiyohiyo, maneno ni ya mshairi Padraic Colum kwa kuanzia kipande cha wimbo wa zamani, kwenye muziki uliokusanywa Donegal, ukachapwa 1909. Ila Margaret Barry, mwanamama wa Cork aliyekuwa akiimba barabarani, aliupata kwenye sahani ya santuri, akauimba kwa namna yake, wengine wakauchukua kwake, na leo ukiniambia umeshakuwa wa jadi sitakukatalia.

Kwa hiyo MC wangu, siku nyingine ukishika maiki sema tu ni wimbo wa Løvland na Graham, hautapungua utamu hata kidogo. Na ukitaka wa jadi kwelikweli kutoka albamu ileile, nenda kwenye Siúil a Rún, tamka "shuul a ruun". Ni msichana ambaye mpenzi wake ameenda Ufaransa kuwa askari, anasema atauza gurudumu lake la kusokotea nyuzi amnunulie upanga. Mtunzi hajulikani. Kiitikio ni Kiayalandi, beti ni Kiingereza, na ulipovuka bahari kwenda Marekani waimbaji wasiojua Kiayalandi wakakibadilisha kiitikio kikawa "shule shule shule-a-roo", maneno hayana maana tena lakini wameyashikilia hivyohivyo na kuwapa watoto wao.