Varanda za Kisumu na mlango wa Simmel

Wenye ploti wanaokuja ofisini kwangu hapa Kisumu huja na picha ya jengo la kioo kwenye simu, na wanataka ukuta ufike mwisho wa ploti. Hesabu yao naielewa, maana kila futi mjini ni kodi. Lakini kinachokatwa kwanza kwenye mchoro huwa varanda, na hapo ndipo tunapobishana.

Georg Simmel, mwanafalsafa wa Berlin, aliandika mwaka 1903 kwamba mkazi wa jiji kubwa huandamwa na sura, kelele na bei nyingi mno, hata akajikinga kwa kutojali. Wengi humnukuu kwa hilo tu. Mimi hunifaa zaidi insha yake fupi ya 1909 kuhusu daraja na mlango. Ukuta ni bubu, asema, lakini mlango husema: unatenga ndani na nje, na kwa kuwa waweza kufunguliwa, unaviunganisha pia.

Pita Oginga Odinga Street ukaangalie maduka ya zamani ya Wahindi, waliofanya biashara hapa tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901. Paa limetokeza juu ya njia ya miguu, likashikwa na nguzo. Kwangu mimi huo ni mlango wenye upana wa hatua kadhaa. Fundi cherehani hushona hapo. Aliyekimbia mvua ya jioni husimama hapo hadi ikatike, akapiga gumzo na asiyemjua, wala haulizwi anataka kununua nini. Kule kutojali kwa Simmel hulegea mahali kama hapo.

Wasanifu wengi wa karne iliyopita walikisifu kioo kwa uwazi wake. Uwazi gani, ikiwa soja anakuuliza waenda wapi kabla hujagusa mlango? Tena tuko kama kilomita 10 tu kusini mwa ikweta. Jua la asubuhi huchoma ukuta wa mashariki na la alasiri ule wa magharibi, mwaka mzima, kwa hiyo mapazia hushushwa, kiyoyozi huwashwa, na ndani hakuonekani tena.

Huambiwa varanda huleta wachuuzi. Ndiyo, huwaleta, na wanunuzi huwafuata.

Siku hizi nachora ghorofa ya chini ikirudi ndani mita mbili unusu, na zile za juu zikibaki hadi mwisho wa ploti juu ya nguzo. Mwenye jengo hupoteza kodi ya ukanda mmoja tu, na duka lililo nyuma ya kivuli hicho halihitaji mapazia.