Shawa ya Moto Kukupiga Shoti Si Kawaida

Baridi ya Julai ikibisha Nairobi, shawa za umeme hununuliwa kwa wingi, na ushauri ni ule ule, Kayole hadi Kileleshwa: ikikupiga shoti kidogo ni kawaida, vaa slipa tu. Si kweli, na ni hatari. Shoti ni ishara kwamba stima inavuja na haina waya mzuri wa kuipeleka ardhini, basi inapitia mwilini mwako.

Kosa kubwa hufanyika siku ya kufunga. Fundi anaiunga shawa kwenye waya wa taa! Shawa ya wati 5,000 kwa volti 240 hunyonya zaidi ya ampea 20; waya wa taa, milimita 1.5 za mraba, hauuwezi mzigo huo, hupata moto ndani ya ukuta. Shawa inataka laini yake peke yake, kwa kawaida ya milimita 6 za mraba, na swichi yake. Kama maji yenu ni ya kisima chenye chumvi, nunua shawa iliyotengenezewa maji hayo, maana chumvi hupitisha umeme zaidi.

Mwombe fundi leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, na asiondoke kabla ya kupima waya wa ardhini. Mpangaji ukiambiwa uvae slipa, zima swichi, uchemshe maji kwa sufuria hadi mwenye nyumba arekebishe.