Pistole ya kuanzisha mbio: mbele ya kununua ya masomo yenu, soma hii kwanza

Bapapa na bamama, ma-prefe wa masomo na nyie makoshi, msimu wa mbio unakaribia na ku ofisi yetu ya mashindano barua zimeanza kulundikana. Nusu zinauliza pistole ya starta inapatikana wapi, nusu ingine ni majirani wanalia juu ya ule mlio. Tunajibu zote hapa mara moja.

Tuanze na ile maneno tunasikia kila mwaka, "si baruti tupu tu, haina sasi ndani". Ndiyo, hakuna chuma ya kuruka. Lakini baruti ikiwaka inatoa gesi ya moto yenye nguvu sana, na karibu na mwili ile gesi inafanya kazi ya chuma. Mwaka 1984 kule Marekani mchezaji wa sinema Jon-Erik Hexum alichezacheza na bastola yenye kartushi za namna hii, za baruti bila sasi, akaiweka ku kichwa, akafyatua, mfupa wa kichwa ukavunjika na akafa kisha siku chache. Ilikuwa silaha kubwa kuliko ya starta, sawa. Bado sioni kwa nini mwalimu ananiletea yake imefungwa mu kiuno sawa simu.

Sasa kuchagua. Angalia mdomo wa pistole: unapashwa kuwa umezibwa chuma tupu tangu ku kiwanda, usione tundu hata ya sindano, na gesi itokee juu ao pembeni. Ile inatoa moto mbele, acha ku duka hata kama bei ni nzuri. Chukua ya kuzunguka, ile ya silinda, juu kartushi moja ikikataa unavuta tena na inayofuata inalia, na starta anahitaji mlio wa pili haraka ya kurudisha wakimbiaji kama mtu ametoka mbele. Ya shaji, ile ya kupanga kartushi mu kisanduku ndani ya mshiko, inaweza kukwama pale pale. Kwa uwanja wa masomo milimita 6 inatosha, ya milimita 9 inalia sana na ndiyo inaleta barua za majirani. Kartushi ilingane na namba imeandikwa ku pistole yenyewe, hapana "inafanana".

Na fundi asiguse ule mdomo, hata kwa kusafisha. Uingereza walikataza pistole ya starta inaitwa Olympic .380 BBM tangu tarehe 4 juni 2010 juu ilikuwa rahisi kugeuzwa silaha ya kweli, kisha mwezi wa pili 2025 polisi yao ikaomba watu warudishe pistole fulani za Uturuki kwa sababu ile ile, na hizo zilikuwa za kutoa gesi juu. Kwa hiyo kutoa gesi juu peke yake haitoshi, chuma ya ndani ndiyo ya kuangalia.

Karatasi. Nchi yetu ya Kongo (RDC) iko na sheria, ordonansi-loi 85-035 ya tarehe 3 septemba 1985 juu ya silaha na masasi, na muuzaji hana mamlaka ya kukwambia kama pistole yako inaingia mule ao hapana. Mbele ya kulipa, andika barua ku polisi na kopi ku mairie: jina la masomo, namna ya pistole, namba yake, kartushi ngapi, nani atashika ufunguo wa sanduku. Kopi yako irudi na kashe na tarehe. Jibu la mdomo si jibu. Ukitoka Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia, onyesha duane (forodha) kila kitu, usifiche chini ya mitumba juu "ni ya watoto". Kwa ndege, kartushi zinahesabiwa kama baruti, namba yao ya kimataifa ya vitu vya hatari ni UN 0014, haziingii mu mfuko wa mkono hata moja, ni mu mzigo wa chini tu, kampuni ya ndege ikubali kwanza, na hazipite kilo 5 kwa mtu.

Siku yenyewe waambie majirani mbele ya saa, na kwa masomo iko katikati ya nyumba hii si adabu tu. Tuliona Katuba, hapa Lubumbashi, asubuhi moja, mlio wa kwanza tu bamama wa soko waliacha mboga wakakimbia, na walikuwa na haki, mu muji wetu mlio wa bunduki hatuusikii kwa furaha. Starta aweke kizibo mu masikio, anyooshe mkono juu, mtu asisimame karibu na upande wa gesi. Kartushi ikikataa na huna haraka ya kuita wakimbiaji, uache mdomo juu sekunde 30 kisha ndiyo ufungue.

Kuhusu kutoka mbele ya mlio, wazazi muache kutupigia makelele. Tangu 2010 hakuna tena "ya kwanza ni onyo", mmoja anatoka mbele anapewa kadi nyekundu na nyeusi, anaenda. Mashindano ya michezo mingi pamoja, sawa dekatloni, ndiyo peke yanaacha ya kwanza ipite. Kadi ya njano tupu ni onyo la tabia, ya kijani ni kosa halina mwenyewe. Mahali iko mashini ya kupima kutoka kwa wakimbiaji, mguu ukisukuma mbele ya sekunde 0.100 kisha mlio, inahesabiwa umetoka mbele.

Na ile kelele ingine: "mtoto wangu alikimbia vizuri zaidi ku kronometa ya koshi". Juu koshi alisikiliza! Sauti inakimbia karibu metre 340 kwa sekunde, kwa hiyo mlio wa starta unamfikia mtu wa mwisho wa metre 100 kisha karibu sekunde 0.3. Koshi anabonyeza na masikio, tayari mtoto amepewa zawadi ya 0.3. Tunabonyeza tukiona moto na moshi, ndiyo maana starta asimame mbele ya ubao mweusi, moshi uonekane. Na saa ya mkono inapandishwa, 11.21 inaandikwa 11.3, haishuki. Tumeeleza hii ku kila mkutano.

Masomo ya primere hayahitaji pistole kabisa. Mbao mbili ukubwa wa daftari, bawaba moja, upande wa ndani mweupe na wa nje mweusi: ukizipiga zinalia na rangi inapotea, mwenye kronometa anaona. Fundi mbao yeyote anazitengeneza kwa siku moja.

Wenye wataleta pistole ku mashindano yetu, mutahesabu kartushi mbele ya arbitri asubuhi na maganda jioni. Moja ikipungua, hakuna mwenye anaenda nyumbani mpaka imeandikwa.