Ile "kutotimiza wajibu" tunayoisali kila Jumapili

Juzi kwenye jumuiya yetu ya Wakatoliki hapa Makole, Dodoma, niliombwa nieleze kidogo Kanisa linasemaje kuhusu ubaguzi wa rangi, maana ndo kazi yangu, nafundisha Mafundisho Jamii ya Kanisa, nikaanza na Mwanzo 1:27, mtu kaumbwa kwa sura ya Mungu, nikafika Marekani, mzee mmoja akanikatiza. "Mwalimu, hayo si ya Wazungu huko? Sisi hapa wote weusi, tutabaguana rangi gani?" Watu wakaguna kukubali. Muda ukawa umeisha, kwa iyo mzee wangu nakujibu hapa.

Kwanza na sisi Wakatoliki tuna yetu ya kuungama. Mwaka 1452 Papa Nikolasi wa Tano alimpa mfalme Alfonso wa Ureno hati ya kumruhusu awapige Waislamu na wapagani na kuwatia katika utumwa wa kudumu, na hao wapagani wa pwani ya Afrika ndo watu wa damu yetu. Kweli, 1537 Papa Paulo wa Tatu alitamka kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kamili, wasinyang'anywe uhuru wala mali, ila meli za watumwa hazikusimama. Vatikano imekuja kuikana rasmi ile fikra ya kwamba nchi ya asiye Mkristo ni ya kujichukulia tarehe 30 Machi 2023, yaani juzi tu.

Mimi inayoniuma zaidi ni ya Maryland, huko Marekani. Mwaka 1838 mapadre wa shirika la Wajesuiti wa kule waliuza watu 272, wengi wao wamebatizwa, wengi wakapelekwa Louisiana, na sehemu ya hela ikaenda kulipa madeni ya chuo cha Georgetown. Mwaka mmoja baadae ndo Papa Gregori wa 16 anatoa barua ya kulaani biashara ya watumwa. Sasa fikiria, wale ni mapadre, wanaadhimisha misa, na watu hao waliowauza ndo haohao waliokuwa wanawakomunisha kwa mikono yao wenyewe.

Hapo ndo unaelewa kwa nini Yohane Paulo wa Pili mwaka 1987 aliandika kuhusu miundo ya dhambi. Dhambi inaanza kwa mtu, tamaa yake, uoga wake, uvivu wake, alafu inaingia kwenye sheria, kwenye mshahara, kwenye utani, mpaka anayezaliwa kesho anaikuta anadhani ndo dunia ilivyo. Haimaanishi hakuna mwenye kosa. Kwenye Nakuungamia, ile sala ya toba mwanzoni mwa misa, tunasema nimekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu, na miundo ya dhambi inaishi hasa kwenye hicho cha mwisho, pale tulipoona tukanyamaza.

Sasa nyumbani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, kwenye hati yake ya Gaudium et Spes namba 29, haukutaja rangi peke yake, umetaja jinsia, hali ya maisha, lugha, dini, ukasema ubaguzi wa namna hiyo ni kinyume na mpango wa Mungu. Na hapa Dodoma akitajwa Mgogo mtu anacheka, ombaomba hao, nimelisikia kwa watu tuliotoka nao misa ya kwanza. Hakuna anayekumbuka Mtunya, ile njaa ya hapa Ugogo ya 1917 mpaka 1920, ambapo majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wakabebe mizigo ya vita, alafu mvua ikagoma na watu wakafa kwa maelfu. Watu waliporwa chakula wakaitwa waombaji! Hiyo dharau ndo inafanya binti wa kutoka kijijini aonekane kazaliwa kuosha vyombo vya wengine, alipwe chochote, na asiulizwe kama kasoma.

Mzee wangu, siku ile ulipouliza, binti wa nyumba ile alikuwa anatugawia chai, akarudi akakaa mlangoni. Jana nimeazima daftari la majina ya wanajumuiya kwa katibu nikahesabu. Wasichana wa kazi ninaowajua mimi kwenye nyumba zetu ni wanne, wote Wakatoliki, mmoja ana mwaka wa tatu pale. Kwenye daftari hayupo hata mmoja, na mwaka juzi katibu nilikuwa mimi. Jumatano naja na majina yao.