Uwiano wa modeli ya meli: maana yake na jinsi ya kuuchagua

Ukiona 1:350 kwenye boksi la modeli ya meli, maana yake sentimita 1 ya modeli inashika nafasi ya sentimita 350 za meli yenyewe. Huo ndio uwiano. Waliosoma jiografia wanaujua tayari kwa jina la skeli. Ramani ya 1:50,000 ni hesabu hiyohiyo. Kinachowachanganya wengi ni kwamba namba ikikua, modeli inapungua. Ya 1:700 ina nusu ya urefu wa ile ya 1:350, si mara mbili yake.

Wala haipungui urefu peke yake. Urefu ukibaki nusu, eneo la kupaka rangi linabaki robo, na ujazo unabaki thumuni. Ndiyo maana modeli mbili za meli moja zikiwekwa pamoja, ile ndogo huonekana ndogo kuliko ulivyotazamia.

Tuchukue meli tunayoijua, MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, yenye urefu wa mita 71 hivi. Kwa 1:700 inakuwa sentimita 10, unaiweka kiganjani. Kwa 1:350 ni sentimita 20. Kwa 1:100 ni sentimita 71, hapo unahitaji kabati. Kwa 1:48 inakaribia mita moja na nusu, na hapo afadhali uzungumze na wenye nyumba kwanza. (Liemba yenyewe ilikuja kama modeli ya kuunganisha: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku na kuungwa upya Kigoma, ikaingia majini 1915. Uwiano wake tu ndio ulikuwa 1:1.)

Wengi huchagua uwiano kwa kupima rafu. Rafu ni muhimu, lakini mimi huanza na swali jingine: ni kitu gani kidogo kabisa ambacho ninataka kionekane? Mtu wa sentimita 170 kwa 1:48 ana urefu wa sentimita 3.5, unaweza kumchonga na kofia yake. Kwa 1:350 ana milimita 5. Kwa 1:700 hazifiki milimita 2.5, ni nukta yenye miguu. Bomba la reli ya sitaha lenye unene wa sentimita 4, kwa 1:350, linabaki na unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hapo una njia mbili: ununue reli za chuma chembamba zilizokatwa kiwandani, au uziache kabisa. Kuziacha ni bora kuliko kuweka reli nene zinazoifanya meli ionekane imezungushiwa magogo.

Namba hizi zina asili. 1:48 inatokana na vipimo vya Kiingereza: robo ya inchi kwa kila futi moja. 1:96 ni nusu yake. Modeli za jeshi la wanamaji la Uingereza za karne ya 17, zile zilizoachwa mbavu wazi sehemu ya chini, nyingi zilijengwa kwa 1:48. 1:700 ilipata nguvu kuanzia 1971, watengenezaji wa Shizuoka, Japani, walipokubaliana kutoa meli za kivita kwa uwiano mmoja, zikiwa zimekatwa usawa wa maji ili zikae mezani kama ziko baharini. Faida ya mapatano hayo ni kwamba meli za viwanda tofauti zinaweza kupangwa pamoja na zikalingana.

Uwiano ukishachaguliwa, njia ya kujenga inajichagua kwa kiasi kikubwa. Meli ndefu ya chuma kwa 1:350 au 1:700 ni kazi ya plastiki, gundi na rangi. Chombo cha mbao kinataka kipimo kikubwa zaidi. Jahazi la mita 20 kwa 1:700 halifiki hata sentimita 3. Kwa 1:48 ni sentimita 42, na hapo ndipo linaanza kuwa jahazi.

Kulijenga kuna njia tatu. Unaweza kuchonga bonge moja la mti, kama watoto wa pwani wanavyochonga vidau vyao. Ni njia ya haraka, nayo haina aibu yoyote. Unaweza kusimamisha mabapa ya mbao juu ya mkuku (ule uti wa mgongo wa chombo, chini kabisa), kila bapa likiwa na umbo la tumbo la chombo mahali pake, kisha ukayafunika kwa vibao vyembamba. Seti nyingi za dukani ziko hivyo, na anayeanza ninampeleka huko. Ya tatu ni kuweka mkuku, mataruma yote (mbavu za chombo) na mbao, kipande kwa kipande. Ukijenga mtepe, kile chombo cha kale cha pwani kilichoshonwa, kwa njia hii, geuza mpangilio: mbao zilishonwa kwanza kwa kamba, mataruma yakafuata.

Kuna kitu kimoja kisichokubali kupunguzwa: chembe za mti. Msaji unaopendeza kwenye jahazi la kweli, kwenye modeli mistari yake inakuwa mipana kama barabara. Tafuta mti wenye chembe laini. Mpera na mndimu vinafaa. Ubao wa sentimita 5 kwa 1:48 unakuwa na unene wa milimita 1, na kamba ya sentimita 2.5 inakuwa uzi wa nusu milimita. Kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, haiwezekani kwa ukubwa huo. Pitisha penseli kwenye ukingo wa kila ubao kabla ya kuugundisha, na ule mstari mwembamba utakaobaki kati ya mbao utatosha.