Kodi nne za gitaa hazitakupa wimbo wa Kijapani

Ombi hili limenifikia tena, na sasa nalijibu hadharani: "Nipe zile kodi za J-pop," yaani pop ya Kijapani. Anayeomba anaamini kwamba akishapiga F, G, Em, Am, kazi imekwisha. Haijaanza.

Mfuatano huo upo, Wajapani wenyewe wanauita ōdō shinkō, yaani mwendo wa njia ya kifalme, na nyimbo zao nyingi zinautumia. Lakini kiitikio cha Never Gonna Give You Up cha Mwingereza Rick Astley, 1987, kinapita njia hiyohiyo, na hakuna anayekiita cha Kijapani. Am, F, G, C, zilizopewa jina la mtunzi Komuro Tetsuya kwa vibao vyake vya miaka ya 1990, zimejaa dunia nzima. Siri haiko kwenye kodi.

Sikiliza melodi. Juu ya F, mara nyingi mwimbaji anatua kwenye E au G, noti zisizomo katika F ya kawaida, na anachelewa kuziachia. Ikija kodi ya G, sikio linasubiri C, kodi ya nyumbani. Linapewa Em. Ukiigeuza Em kuwa E7, noti ya G# iliyomo ndani yake inavuta kuelekea A na hamu inazidi. Melodi yako ikikanyaga noti za kodi tu, hakuna utakachosikia katika haya.

Kinachonikera kuliko yote ni kuruka B-melo, kipande cha kupandia kiitikio. Wimbo wa Kijapani huenda A-melo, yaani ubeti, kisha B-melo, kisha sabi, yaani kiitikio. Watu huniletea A na sabi, katikati wamejaza mistari miwili ilimradi tu. Jamani, sabi inategemea B! Hapo ndipo ngoma hubadili mdundo, besi huanza kupanda, melodi iliyokuwa na maneno mengi huyavuta, au iliyokuwa ikivuta huyabana. Mwisho inaning'inia kwenye G, haitui. Sabi nayo mara nyingi haianzi na C, inaanza na F, kwa hiyo hata hapo msikilizaji bado hajafika. Wengine hubadili ufunguo papo hapo, kutoka C hadi E♭. B-melo iwe ndefu kiasi gani? Baa nane ni kawaida, ila nimesikia za baa nne zilizobana vizuri zaidi. Sina kanuni ya kukupa.

Maneno: hesabu mora, yaani vipande vya sauti ambavyo Kijapani hugawia neno, kila kimoja pigo lake. Tokyo ni nne, to-o-kyo-o. Nippon pia ni nne, ni-p-po-n. Mswahili anayejua kwamba m ya "mtu" inaweza kubeba noti peke yake ana pa kuanzia. Wajapani wenyewe walibishana kama roki inaimbika kwa Kijapani, na kundi la Happy End likajibu kwa albamu ya Kazemachi Roman, 1971.

Kuna pia kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno la Kijapani: ame ya mvua huanza juu, ame ya pipi huanza chini. Mtunzi Yamada Kōsaku alilifuata hilo katika utunzi wake. Pop ya leo hulivunja kila mara na wasikilizaji wanaelewa. Mimi hulifuata kwenye neno la kwanza la sabi tu, na bado sijaridhika kwamba nina sababu ya kutosha.

Ukitaka nikusaidie, niletee B-melo. Irekodi kwa simu ukiimba la-la-la, inatosha. Huko Japani pia melodi mara nyingi hutangulia maneno.